Leseni ya Bongo imebakiza miezi miwili Uingereza: ninunue gari sasa au nisubiri?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Leicester, nilikuja kwa viza ya kazi za care, yani kutunza wazee na wagonjwa, sasa hivi ni mwezi wa kumi tangu nifike. Nyumbani nimeendesha miaka sita na leseni yangu ya Tanzania bado haijaisha. Kampuni wamenihamishia kwenye kuzunguka nyumba kwa nyumba za wateja na wanasema lazima niwe na gari. Mwenzangu wa Zimbabwe alibadilisha tu leseni akapewa ya hapa bila mtihani, mimi naambiwa siwezi, sijaelewa kwa nini. Wengine wanasema nikienda likizo nikarudi ule mwaka unaanza upya, wengine wanasema nichukue ya kimataifa. Kuna kaka anauza Corsa ya 2012 kwa pauni 1,900, kadi anasema iko DVLA, ile ofisi ya serikali ya leseni na magari, inakuja. Binamu yangu amekubali bima iandikwe jina lake maana yeye ana leseni ya hapa na itakuwa nafuu. Nishauri, sitaki kupoteza hela wala kuharibu kibali changu."

Marahaba dada. Umeuliza mambo mengi ila naona presha yote inatoka sehemu mbili, kampuni inakukimbiza na kalenda nayo inakukimbiza, na mtu akikimbizwa pande mbili hapo ndo ananunua gari lisilo na kadi. Kwa hiyo tutulie kwanza, tuanze na kalenda.

Leseni yako ya Tanzania hapa unaruhusiwa kuendeshea gari dogo kwa miezi 12, mradi yenyewe isiwe imeisha muda wake. Hiyo miezi 12 inahesabiwa kuanzia siku uliyokuja kuishi, sio siku uliyoshika usukani mara ya kwanza, na sio siku uliyorudi kutoka likizo. Hili la likizo nalisikia kila mwaka na kila mwaka kuna mtu linamponza. Ukienda Morogoro wiki nne kuona watoto bado wewe ni mkazi wa Leicester, kodi unalipa, nyumba umepanga, kazi ipo inakusubiri, saa haijasimama hata dakika moja. Na ile ya kimataifa ni karatasi ya kutafsiri leseni yako tu basi, haikuongezei siku hata moja, na wewe leseni yako tayari ina Kiingereza kwa hiyo hela yake nunulia kitu kingine.

Mwenzako wa Zimbabwe hajakudanganya. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake wanazikubali moja kwa moja, unajaza fomu unalipia unapewa ya hapa. Zimbabwe imo, Afrika Kusini imo, Japani, Australia, Falme za Kiarabu zimo. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo nazo hazimo. Haihusiani na wewe unaendeshaje, ni makubaliano kati ya serikali na serikali kuhusu mitihani ya udereva. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, kuna watu wanawaza kuzungukia Dubai, wabadilishe kule halafu waje na ya kule. DVLA wanaangalia mtihani wenyewe ulifanyia nchi gani, kwa hiyo ile njia sahau.

Sasa miezi 12 ikiisha nini kinatokea? Watu wengi wanadhani ni kosa dogo tu la makaratasi, kama kuchelewa kulipia kitu. Sio. Siku inayofuata, kwa sheria ya hapa wewe ni mwanafunzi wa udereva, hata kama umeendesha Dar mpaka Tunduma usiku wa mvua. Unatakiwa uwe na leseni ya kujifunzia, ile wanaiita provisional, uweke vibao vya L mbele na nyuma, na pembeni yako akae mtu mwenye umri wa miaka 21 kwenda juu ambaye ana leseni kamili kwa miaka mitatu au zaidi. Ukikamatwa unaendesha peke yako unaendesha kinyume cha leseni, na bima yako kwa kuwa ilikukubali kama mtu mwenye leseni halali nayo inaingia matatani. Kuendesha bila bima hapa ni pauni 300 na pointi 6, yani alama za adhabu kwenye leseni, papo hapo, gari wanaweza kulibeba, na ikienda mahakamani faini haina kikomo. Kamera za polisi zinasoma namba ya gari na kuilinganisha na orodha ya bima nchi nzima, kwa hiyo yale mambo ya kumuwahi trafiki kwa maneno mazuri hapa hayapo.

Ila hiyo miezi miwili uliyobakiza ni mali dada, watu hawaijui tu. Ukiomba leseni ya kujifunzia leo, bado utaendelea kuendesha peke yako kwa leseni ya Tanzania bila kibao cha L mpaka miezi 12 itimie. Yani unakuwa na vyote viwili, na leseni ya nyumbani hawakunyang'anyi. Omba leo hii, usisubiri mshahara. Mtandaoni ni pauni 34, kwa posta ni 43, watakuuliza anwani zote ulizokaa miaka mitatu iliyopita, ile ya nyumbani Tanzania pia, kwa hiyo ziandike pembeni kabla hujaanza. Ingia gov.uk moja kwa moja, usiandike kwenye google ukabonyeza cha kwanza, kuna tovuti zinafanana kabisa na za serikali na zinakutoza zaidi kwa kazi ileile.

Ikija, lipia mtihani wa nadharia, pauni 23. Maswali 50, unatakiwa upate 43, halafu kuna sehemu ya pili ya video 14 ambazo unabonyeza ukiona hatari inaanza kujitokeza, pale unatakiwa upate 44 kati ya 75. Maswali ni Kiingereza, tafsiri za lugha nyingine waliziondoa 2014. Watu wetu maswali wanayafaulu, wanaanguka kwenye video, na sababu naijua. Dereva wa Dar ameshazoea hatari, mtoto akikatiza mbele yake yeye anaona kawaida anasubiri mpaka iwe hatari kweli ndo abonyeze, kumbe alama nyingi zinatolewa pale mwanzo kabisa, pale mpira unapotokea kati ya magari yaliyopaki kabla ya mtoto mwenyewe kuonekana. Na ukibonyeza hovyo hovyo mfululizo kompyuta inakupa sifuri kwenye video hiyo. Fanyia mazoezi kwenye simu wiki mbili tatu, inatosha.

Ukishafaulu hapo ndo unaruhusiwa kubuku mtihani wa barabarani, pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na wikendi. Na hapa nikwambie ukweli wenye uchungu, foleni ni ndefu. Vituo vingi ukiambiwa miezi mitano au sita usishangae. Kwa hiyo ukifanya kila kitu kwa haraka kiasi gani, uwezekano mkubwa miezi yako 12 itaisha kabla hujafanya mtihani. Panga maisha yako hivyo kuanzia sasa. Buku tarehe yoyote utakayopata halafu uwe unaingia kila siku kuangalia walioahirisha, asubuhi asubuhi zinatokea. Madalali wanaouza tarehe kwa mara tatu ya bei achana nao, unampa mtu namba yako ya leseni na kadi ya benki humjui.

Mtihani wenyewe ni kama dakika 40. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15, kosa kubwa moja tu umeanguka. Na wanaoanguka wengi ninaowaona sio wasiojua kuendesha, ni wazoefu. Mtahini hana habari na miaka yako sita, anaandika anachokiona. Umeangalia kioo kabla ya kuwasha indiketa au baada? Umepita mita ngapi kutoka kwa yule mwenye baiskeli? Mtaa wenye taa za barabarani na hauna kibao chochote cha spidi, hapo England ni maili 30, hakuna mtu atakayekukumbusha, na wewe uko 36 unajiona unaenda pole. Kingine taa. Nyumbani mtu akikuwashia full maana yake "kaa pembeni napita", hapa wengi wanawasha kukwambia pita wewe, wakati kitabu cha sheria za barabara kinasema taa ni ya kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi. Kwa hiyo kwenye mtihani usiende kwa sababu mtu amekuwashia taa, nenda kwa sababu umeangalia mwenyewe barabara ni nyeupe. Halafu kuna vile vikipilefti vidogo vya rangi nyeupe vilivyochorwa tu chini, watu wetu wanapita katikati kama hakipo. Kile ni kipilefti kamili, mwenye haki ni anayetoka kulia kwako. Na mtembea kwa miguu anayesubiri kuvuka pale unapokata kona, tangu 2022 ni wa kupishwa.

Oto au manyuo? Ukifanyia mtihani kwenye oto, leseni utakayopewa ni ya oto tu. Wewe najua umeendesha Vitz kama nusu ya Tanzania, kwa hiyo ushauri wangu fanyia oto. Magari ya oto ya mitumba hapa ni ghali kidogo na walimu wake nao wanatoza juu kidogo, ila ukianza kujifunza klachi leo huku unapiga shifti za asubuhi na jioni utaongeza miezi bure. Manyuo utaongeza baadaye ukitaka.

Sasa gari. Nianze na kitu ambacho hujauliza na ndicho kikubwa kuliko vyote. Bima ya kawaida hapa inakulinda kwa matembezi yako na kwenda kazini na kurudi, sehemu moja ya kazi. Wewe kazi yako ni kutoka kwa bibi huyu kwenda kwa mzee yule kwenda kwa mwingine, na hiyo kwa kampuni ya bima ni matumizi ya biashara, lazima uongeze kipengele hicho kwenye bima. Nimekutana na wadada wa care wengi wanaozunguka mwaka mzima na bima ambayo siku ya ajali ingewakana. Meneja wako akikwambia "insurance tu inatosha" muulize kwa ujumbe wa maandishi, anataka bima ya aina gani, na kampuni inalipa kiasi gani kwa maili. Wakikulipa chini ya kiwango cha HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, ile tofauti unaweza kuiombea nafuu ya kodi, kwa hiyo safari zako andika kwenye daftari kuanzia siku ya kwanza.

Kuhusu binamu. Najua anakusaidia kwa moyo mweupe, ila bima kuandikwa jina lake kama dereva mkuu wakati anayeendesha kila siku ni wewe ni udanganyifu kwa sheria ya hapa, na yeye ndo atakuwa wa kwanza kuulizwa. Wanafanyaje kujua? Ajali inatokea saa kumi na mbili asubuhi mtaa wa mteja wako, wewe umevaa yunifomu ya kazi, hawahitaji upelelezi. Wanafuta bima, aliyegongwa analipwa, halafu wanakugeuzia deni. Kinachoruhusiwa ni kinyume chake, bima iwe yako wewe dereva mkuu, halafu binamu umuongeze kama dereva wa pili kama kweli ataendesha mara moja moja, mara nyingine hata bei inashuka.

Bei yako itakuwa kali, hilo sikufichi. Kampuni nyingi hazihesabu miaka yako sita ya Bongo bila ajali, na leseni ya nje ya Ulaya wanaiona kama hawakujui kabisa. Siku ukipata leseni ya hapa omba bei upya utaona tofauti. Ndo maana kununua gari leo kwa ajili ya wiki nane halafu lipaki nje miezi minne mimi naona ni hasara, unalipa bima ya juu kabisa, halafu leseni ikikwama gari linakaa na huwezi kulipeleka kazini. Lakini kuna hali moja ningekubali ununue sasa, kama una mtu wa kweli, mwenye leseni na muda, atakayekaa pembeni yako ukifanya mazoezi baada ya miezi 12, maana masomo ya kulipia sehemu nyingi ni pauni 35 mpaka 45 kwa saa na zinaenda haraka. Hapo gari lako mwenyewe linajilipa. Bima ijue lakini kwamba umehama kutoka leseni ya nje kwenda ya kujifunzia, usikae kimya.

Ile Corsa iache. Kadi ya gari hapa inaitwa V5C, na ile hadithi ya "iko DVLA inakuja" inaweza kuwa kweli, watu wanahama nyumba, zinapotea. Lakini pia ni hadithi ya mtu aliyekopa akaweka gari dhamana, au gari sio lake. Na hata kadi ikiwepo, imeandikwa kabisa kwamba jina lililomo ni la mtunzaji wa gari, sio lazima mmiliki. Gari likiwa na mkopo haujaisha, aliyekopesha anaweza kuja kulichukua kwako na wewe hela yako umeshampa kaka ambaye simu yake haipatikani.

Namba ya gari uliyonitumia nimeiingiza kwenye historia ya MOT, ile ukaguzi wa kila mwaka kwa magari ya miaka mitatu na zaidi. Ni bure, iko gov.uk, mtu yeyote anaangalia. 2021 lilisoma maili 104,000. 2023 likasoma 78,000. Gari halirudi nyuma dada. Inawezekana walibadilisha dashibodi, inawezekana fundi alikosea kuandika, lakini kwa gari lisilo na kadi mimi sina haja ya kujua ni ipi. Na miaka miwili mfululizo mkaguzi ameandika kutu chini upande wa kushoto, mwaka huu neno ni lilelile ila kaongeza kwamba imezidi.

Ukija kutafuta jingine fanya hivi: ingiza namba kwenye MOT, kisha lipia ule ukaguzi wa mkopo, wizi na ajali, pauni kumi mpaka ishirini hivi. Ukiona S au N maana yake liliwahi kuharibika na bima ikaamua kutolitengeneza, S fremu ya gari iliumia, N fremu haikuumia, sio lazima ukimbie ila bei ishuke. Nenda mchana kwenye nyumba iliyoandikwa kwenye V5C, mwambie asiwashe gari kabla hujafika, shika boneti kama ni ya moto uliza kwa nini. Beba sarafu ya pensi 20, ichomeke kwenye mfereji wa tairi, ukiona ule ukingo wa nje wa sarafu tairi linakaribia kufa. Ile kodi ya barabara haihami na gari tangu Oktoba 2014, kwa hiyo hata muuzaji akiapa kwamba imelipiwa mpaka mwakani, unalipa yako kwa simu palepale kwa namba iliyo kwenye kipande cha kijani cha V5C anachokupa, ukiwa na bima tayari, ndo unawasha. Vitz ya nyumbani hapa inaitwa Yaris, na Honda Fit inaitwa Jazz, anzia hapo. Kabla ya kuipenda gari yoyote ingiza namba yake kwenye tovuti za kulinganisha bima, unaweza kukuta gari la 2,000 bima 2,400. Kama una ndugu London au Birmingham, angalia pia kama gari linatozwa kwa ajili ya moshi wake ukiingia, London ni 12.50 kwa siku na Birmingham katikati ni 8. Petroli ya 2006 kuja juu kwa kawaida iko salama, dizeli ni zile za kuanzia mwisho wa 2015 hivi.

Ukinunua kwa mtu binafsi haki zako ni chache, ilimradi gari ni lake na ni kama alivyolieleza basi. Kwa muuzaji wa biashara sheria ya haki za wateja ya 2015 inakupa siku 30 kurudisha gari lenye hitilafu ya kweli. Kwa mara ya kwanza mimi ningelipa ile 300 ya juu kwa muuzaji mwenye yadi, nilale.

Kazini sasa. Waambie mapema, kwa maandishi, kwamba leseni yako inafika mwisho tarehe fulani na umeshaomba mtihani. Omba zile shifti za watu wawili ambapo mwenzako ndo anaendesha, au mzunguko wa kutembea kwa miguu, kampuni nyingi za care zinayo hiyo. Baiskeli sawa. Skuta ya umeme ya kununua mwenyewe usithubutu, barabarani hairuhusiwi na inahesabiwa kama chombo cha moto, yani pointi unapata hata kabla hujapata leseni. Na ukishafaulu kumbuka miaka miwili ya kwanza ukifikisha pointi 6 leseni inafutwa unaanza mtihani wa nadharia upya. Simu mkononi ni pointi 6 mara moja, na najua rota yenu inakuja kwenye simu, paki kwanza.

Mambo mawili haya usiyamalizie kwangu. La kwanza, mtafute mwalimu wa udereva Leicester akupime somo moja, mwangalie kioo chake cha mbele, beji ya kijani yenye pembe nane ni mwalimu kamili, ya pinki ya pembe tatu bado yuko mafunzoni. Atakwambia kwa saa mbili unahitaji masomo matatu au kumi na matano. La pili, kama umeshaendesha baada ya miezi kuisha, au umepata barua yoyote ya polisi au mahakama, usijibu kwa kubahatisha na usimuulize mtu wa kwenye grupu. Nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ni bure, na kama kuna kesi ya mahakamani muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujajaza fomu yoyote ya viza, maana hukumu za mahakama fomu zinaziuliza. Barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu, iangalie hiyo kwanza.